Aliungua Saa Ngapi?

Julai ya Nyanda za Juu Kusini haina huruma kwa mtoto mdogo. Alfajiri sakitu imetanda juu ya majani kama unga uliomwagwa, na ndani ya kila jiko moto hauzimwi tangu jioni mpaka watu wanapokwenda kulala. Watoto wanaota moto, wanacheza kando ya moto, wanasinzia kando ya moto. Nilipangiwa kazi katika hospitali ya wilaya moja ya huko mwaka 1987, nikitoka moja kwa moja chuo cha uuguzi, na wiki ya kwanza haikuisha kabla sijaelewa kwa nini kitanda cha kona, karibu na dirisha, kiliitwa kitanda cha moto. Kuanzia Juni mpaka Agosti hakikupata kuwa kitupu.

Usiku ninaotaka kuusimulia, lori la mbao lilisimama getini saa tisa. Alishuka bibi mmoja amekumbatia blanketi, nyuma yake mama kijana asiyesema neno. "Kamwene," bibi alitusalimu, maana adabu ya kule haikuachi hata ukiwa na msiba mikononi. Sikuitikia. Macho yangu yalikuwa kwenye blanketi. Ndani yake mlikuwa na mtoto wa kiume wa miaka miwili, kifua na mkono mzima wa kushoto vimefunikwa na tope la njano lililokauka na kupasukapasuka: yai na unga wa mahindi. Hakuwa akilia. Mtoto aliyeungua akilia, muuguzi anapata moyo. Huyu alikuwa akiomba maji kwa sauti ndogo, kisha anasinzia, kisha anaomba tena.

Tabibu wa zamu alikuwa mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Sote tulimwita Mzee. Hakuuliza kilichotokea. Aliuliza, "Aliungua saa ngapi?"

"Usiku," mama akajibu.

"Usiku wa saa ngapi, mama?"

Nyumbani kwao hapakuwa na saa. Mzee hakukubali kuliacha swali. Akauliza kama jirani ana redio. Bibi akasema anayo, na kwamba mtoto alipopiga kelele, redio ya jirani ilikuwa ndiyo inaanza taarifa ya habari. Mzee akaandika kwenye jalada: saa 2:00 usiku. Akapiga mstari chini yake mara mbili. Mimi nilikuwa nimeshika mkasi na bakuli, nikimwona anapoteza muda kwa mambo ya redio wakati mtoto anakufa.

Saa saba zilikuwa zimepita. Uji ulikuwa umeepuliwa na kuwekwa chini kando ya mafiga, mtoto akarudi kinyumenyume akicheza, akaangukia sufuria. Uji si kama maji. Maji ya moto yanapita na kwenda zake, uji unanata. Tena mtoto alikuwa amevaa sweta zito la sufu, na sweta likaunyonya ule uji na kuushikilia kifuani. Walilivua baadaye sana, kwa sababu waliogopa baridi. Mpaka leo naamini sweta lile lilimchoma kuliko sufuria.

Mzee alichukua mkono wa kulia wa mtoto, ule mzima, akakunjua vidole vyake polepole, akautumia kama rula. Kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole vyake ni kama asilimia moja ya ngozi ya mwili wake. Alikihesabu kifua, tumbo, bega, mkono mbele na nyuma, akielekeza kiganja kile kidogo hewani, bila kugusa kidonda. Akafika ishirini. Tukampima uzito: kilo kumi na moja. "Haya, binti," akaniambia, "piga hesabu."

Hesabu niliijua. Tulifundishwa kanuni ya Parkland, iliyopewa jina la hospitali ya Dallas, Marekani, ambako daktari Charles Baxter na wenzake waliichapisha mwaka 1968. Mililita nne, mara kilo za mgonjwa, mara asilimia ya mwili iliyoungua. Nne mara kumi na moja mara ishirini ni mililita 880 za maji ya mshipani kwa siku ya kwanza, nusu yake ndani ya saa nane za mwanzo. Nikaandika 440, nikagawanya kwa nane, nikapata 55 kwa saa. Nikamwonyesha nikijiamini.

Mzee aliitazama karatasi, akanirudishia. "Saa nane zinaanza kuhesabiwa pale alipoungua, siyo pale alipofika kwako. Ameshatumia saba. Wewe umebakiwa na moja."

Sijapata kufundishwa somo kwa maneno machache kuliko hayo. Ngozi ikiungua, mishipa midogo ya damu huanza kuvuja. Maji ya damu yanatoka nje ya mishipa, yanajaa kwenye nyama na kuzivimbisha, mengine yanatiririka juu ya kidonda. Uvujaji huo ni mkali zaidi katika zile saa za mwanzo. Mtoto anakauka huku amevimba. Mtu asiyejua anamwona amenenepa uso, anadhani ana nguvu, kumbe damu imekuwa nzito na figo zimeanza kufunga. Ndiyo maana yule mtoto alikuwa akiomba maji. Saa saba ndani ya lori na kando ya barabara zilikuwa zinamkausha, na mimi nilitaka kumwanzishia saa mpya kwa sababu tu mimi ndiye niliyeingia zamu.

Mshipa haukupatikana. Nilichoma mara tatu mkono wa kulia, mara mbili kichwani, yote imelala. Mzee akaomba karabai isogezwe, akachana ngozi kidogo juu ya kifundo cha mguu, mbele ya ule mfupa wa ndani, akautafuta mshipa kwa ncha ya mkasi mpaka akaunyanyua, mweupe na mwembamba kama uzi wa kushonea. Dripu ikaingia. Aliifungua ikatiririka, akamwekea mtoto mpira wa mkojo, akavuta kigoda akakaa. Dakika kwa dakika hakuitazama dripu. Alitazama mpira. "Hesabu ni ya kuanzia tu," alisema. "Atakayetuambia kama maji yanatosha ni figo." Mtoto wa kilo kumi na moja anatakiwa kutoa kama mililita kumi na moja za mkojo kwa saa, vijiko viwili vya chai na ushei. Ilipofika saa kumi na moja alfajiri vikaja vijiko viwili hivyo, vyeusi kama chai ya rangi. Mzee akanitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaenda kunawa.

Kazi ya kuondoa unga akaniachia mimi. Ilinichukua zaidi ya saa nzima, kwa maji vuguvugu na gozi, na palipong'ang'ania, unga ulitoka na ngozi. Chini yake palikuwa na malengelenge yaliyopasuka, sehemu nyekundu zenye kulowa, na katikati ya kifua pahali peupe, pakavu, pagumu, ambapo nilipogusa mtoto hakushtuka. Hapo ndipo penye kutisha. Penye kuuma pana uhai. Pasipouma mishipa ya fahamu imekufa. Nilitoka nje nikamkuta bibi amekaa chini ukutani, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyemmaliza mjukuu wake. Hakujibu. Alifunga vizuri kanga yake kichwani.

Mzee alinisikia. Aliniita chumba cha kufungia vidonda, akafunga mlango. Akasema bibi yule alimpaka mjukuu wake kitu bora alichokuwa nacho ndani ya nyumba, yai ambalo angeweza kuliuza. Akasema, "Leo umemfukuza. Mjukuu mwingine akiungua, atampaka unga, atamficha, atamleta siku ya tano ananuka. Na hutajua kwamba ni wewe uliyemchelewesha." Nikarudi nje. Nilimwamkia, "Kamwene, bibi," nikachuchumaa mbele yake, nikaomba radhi. Kisha nikamweleza, bila ukali, kile ambacho mtu alipaswa kumweleza miaka mingi kabla: akiungua mtoto, vua nguo haraka, vua bangili na shanga kabla mwili haujavimba, mmwagie maji baridi ya kawaida pale tu palipoungua kwa muda wa kupika ugali, dakika ishirini. Siyo barafu. Sehemu nyingine za mwili mfunike asipigwe na baridi. Halafu kitambaa safi, halafu njia. Maji hayo yanafaa hata kama saa moja au mbili zimepita, mpaka zitimie kama tatu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na maji ya mtoni?" Nikamwambia ya mtoni pia, kama ni safi, kuliko kukosa.

Mtoto alikaa wodini wiki tisa. Krimu ile nyeupe yenye madini ya fedha, ambayo vitabu vilitwambia ndiyo dawa, ilitufikia kwa bahati, kopo moja kwa miezi. Tulichokuwa nacho kila siku ni chumvi. Maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita, beseni safi. Mzee alipenda kusimulia habari ya beseni hilo. Wakati wa vita ya pili ya dunia marubani wa Uingereza waliungua nyuso na mikono ndege zao ziliposhika moto, na dawa ya wakati ule ilikuwa asidi ya taniki, ya jamii moja na kile kinachofanya chai iwe kali. Iliikausha ngozi ikawa ganda, na chini ya ganda vidole vikajikunja visifunguke tena. Daktari Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, aligundua kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu. Akaitupa taniki, akawaogesha wagonjwa wake maji ya chumvi. McIndoe huyohuyo, pamoja na Michael Wood na Tom Rees, wote wapasuaji wa kurekebisha maumbile, ndio waliounda shirika la matibabu la AMREF mwaka 1957, wakiwa na shauri walilolipanga kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na ndege ndogo za madaktari zikaanza kuruka kwenda vijijini. Kwa hiyo, Mzee alisema, usilidharau beseni. Nami nilipowaona mama wa vijijini wanamwagia kidonda cha moto majani ya chai yaliyokorea, nilijua wanarudia kosa la madaktari wakubwa, wala si ujinga wao peke yao.

Maumivu ndiyo yaliyonishinda. Dawa kali za maumivu zilikuwa za kuhesabu, zikifungiwa kabatini kwa ajili ya chumba cha upasuaji. Tulimpa mtoto ya maji nusu saa kabla ya kufungua kidonda, tukalowesha bandeji mpaka iachie yenyewe. Gozi iliyokauka ukiivuta inang'oa ngozi changa iliyoota jana, ile ngozi ya waridi inayoanzia pembeni na kutambaa kuelekea katikati. Kila asubuhi aliponiona na trei alianza kulia kabla sijafika. Nilijifunza kupita kitandani kwake jioni bila trei, nikakaa naye kidogo, ili uso wangu usiwe na maana moja tu machoni mwake.

Na hapo tulifanya kosa lingine. Aliukunja mkono wake wa kushoto kifuani, kiwiko kimekunjwa, kwapa limefungwa, kwa sababu hivyo haukumuuma. Mama akambeba hivyo, akalala naye hivyo. Tulimwacha kwa kumhurumia. Kovu la moto lina tabia ya kuvuta: linajikaza na kuvuta kiungo kukielekeza upande ule ulioungua. Mkono ule ulitakiwa kunyooshwa na kufungwa kwenye kibao kila usiku tangu wiki ya kwanza. Alipotoka hospitali kidonda kimefunga, na bega lake limefunga pia. Miaka miwili baadaye mpasuaji aliyekuja kwa ndege ndogo alilikata kovu lile na kupandikiza ngozi ya paja, mkono ukapanda mpaka usawa wa bega. Zaidi ya hapo haukupanda.

Bibi alirudi mwaka 1989 na mjukuu mwingine, wa kike, aliyemwagikiwa na chai mguuni. Alipita getini kabla jua halijawaka vizuri. Mguu umefungwa kwa kitenge kilichofuliwa, hakuna unga, hakuna yai. Kabla hata ya kuketi alisema, "Nesi, ni asubuhi hii hii, saa kumi na mbili na nusu. Nimeazima saa ya mwalimu." Mzee alikuwa ameshastaafu, nilitamani awe pale. Mtoto alirudi nyumbani siku ya sita.

Majeraha mengine tuliyapokea kwa wingi, ya panga, ya msumeno, ya magogo kuwaangukia wapasua mbao. Mengi yake nisingeweza kuyatofautisha leo. Nakumbuka kijana aliyeletwa na kipande cha mti kimezama pajani. Wenzake walitaka kukichomoa, mmoja wao mwenye umri akakataa, wakakikata kwa msumeno pande zote mbili, wakakifunga kisicheze, wakamleta nacho. Chumba cha upasuaji kilipokitoa, damu iliruka mpaka kwenye taa. Mti wenyewe ndio uliokuwa umeziba mshipa. Na namkumbuka mwingine aliyejikata kwenye kidole cha mguu kwa jembe, jeraha la kufunikwa na sarafu, akalijaza udongo damu ikome. Alikuja siku ya nane taya limekaza. Pepopunda ilimchukua, na mkewe alikuwa akituuliza tena na tena kidole kinamuuaje mtu.

Mambo yamebadilika. Mwaka 2010 hospitali ya Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura na kuanza kufundisha mabingwa wa fani hiyo, na vijana niliofanya nao kazi miaka yangu ya mwisho hawakuhitaji kuambiwa saa nane zinaanzia wapi. Lakini Jumamosi ya Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu, Morogoro, watu wakaenda na madumu kuchota petroli na moto ukalipuka, nilikaa kando ya redio siwezi kula. Watu zaidi ya 100 walikufa, wengine palepale na wengine siku na wiki zilizofuata, wakiwamo waliokimbizwa Muhimbili. Watangazaji walitaja idadi. Mimi nilikuwa nikihesabu saa. Mtu aliyeungua mwili mzima anaweza kusema jina lake na kumwita mama yake mchana, jioni sauti inakwama kwa sababu koo lililovuta moto limevimba. Kila mhudumu wa wodi ya moto analijua hilo, na ndugu anayemwona akiongea mchana hawezi kuliamini.

Yupo mgonjwa mmoja ambaye habari zake sikuwahi kuzisimulia. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwenye kifafa. Alishikwa akiwa jikoni, akaanguka mkono na upande wa uso vikiwa ndani ya moto. Watu walikuwepo. Walikuwa wanne au watano mlangoni. Hakuna aliyemgusa, maana wote walilelewa wakiambiwa kwamba ukimshika mwenye kifafa akiwa ameanguka, mate yake yakikupata, au akijamba ukiwa karibu, kinahamia kwako. Walisubiri degedege liishe.

Aliletwa akiwa macho, hana maumivu. Mkono wake ulikuwa mweusi na mkavu mpaka kwenye kiwiko. Niliuliza lile swali la Mzee, kwa sauti yake ileile: "Aliungua saa ngapi?" Nilimwuliza baba mdogo, nikamwuliza jirani, nikamwuliza mwanamke aliyekuja naye. Hakuna aliyejibu. Walitazama chini. Nilifikiri hawana saa, nikauliza habari za jua na kivuli. Ndipo nikaelewa kwamba kujibu swali langu kungekuwa kukiri walisimama pale kwa muda gani.

Mkono ulikatwa. Aliishi. Alinieleza mwenyewe, wiki kadhaa baadaye, kwamba mwisho wa degedege aliwaona, miguu yao, mlangoni.

Kule Mahenge, tangu miaka ya mwanzo ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliwakuta wagonjwa kama huyu, wenye makovu ya moto kwa sababu ileile, akafungua kliniki ya kifafa na kuwapa vidonge vya fenobabitoni, na wengi wakaacha kuanguka. Vidonge hivyo ni vya bei ndogo, na vimekuwepo muda wote huo. Katika sehemu zetu za kusini kifafa mara nyingine kimetokana na mayai ya tegu wa nguruwe yanayoingia mwilini kwa chakula au mikono michafu, kisha vivimbe vyake vikakaa kwenye ubongo. Hakuna njia yoyote ya kukihamisha kwa mate, kwa povu, kwa jasho wala kwa hewa. Nimewashika mamia wakiwa wameanguka, nimewafuta povu kwa mikono yangu, na hakijanipata.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukimkuta mtu wa kifafa ameangukia moto, ingia umshike. Mvute kwa nguo, kwa mguu, kwa chochote. Kisha mmwagie maji, na utazame saa.